Dipoziti yako isiliwe na kutu: namna ya kupinga makato ya mwenye nyumba hapa Mombasa

Nilihama Bamburi mwezi wa saba baada ya kukaa miaka minne nyumba moja, chumba na sebule, kodi 15,000, na wiki tatu baadaye ajenti akanitumia meseji ya mistari mitano. Rangi 8,000. Mifereji (bomba za maji) 2,500. Grili na bawaba za madirisha 3,000. Usafi 1,500. Maji 1,800. Chini kabisa kaandika "balansi 200, nitumie namba". Dipoziti nilieka 15,000 na ya maji 2,000, jumla 17,000, kwahivyo kwa hesabu yake mimi nilipwe mia mbili niende zangu. Nikaisoma ile meseji mara sita hivi, hasira mpaka mikono yatetemeka, alafu nikafanya kosa ambalo wengi twafanya, nikampigia simu nikapayuka. Haikusaidia kitu. Alikata simu na kwa siku tisa hakupokea tena.

Mwisho wa yote nilirudishiwa 14,250. Ilichukua kama miezi miwili, sikuweka wakili, na mahakamani sikufika ingawa fomu nilishaijaza. Naandika haya kwa sababu kila nikimhadithia mtu yuwaniambia "mimi nilimuachia tu", na huyo mtu kaacha elfu ishirini, elfu thelathini, pesa ya ada ya watoto, ati kwa sababu hakujua aanzie wapi.

Anzia hapa: dipoziti ni pesa YAKO. Mwenye nyumba ameishika tu, kama amana. Akitaka kukata, kazi ya kuonyesha kwanini akate ni yake, na kila mstari usimame kwa miguu yake, yaani kiliharibika nini, nani alikiharibu, na kimegharimu ngapi kukitengeneza. Ukishaelewa hilo hutaongea tena kama mtu anayeomba msaada. Na usidhani kukosa mkataba wa maandishi kumekumaliza, maana Sheria ya Ardhi ya 2012 yakubali upangaji wa muda mfupi, usiozidi miaka miwili, hata kwa makubaliano ya mdomo, na huu wetu wa kulipa mwezi kwa mwezi ni upangaji kamili mbele ya sheria.

Sheria hiohio, kifungu cha 66, ndo silaha yenyewe. Inasema mpangaji arudishe nyumba katika hali aliyoikuta, LAKINI halazimiki kutengeneza kilichoharibika kwa uchakavu wa kawaida, wala kwa moto au mafuriko ambayo hayakutokana na uzembe wake, wala kwa dhoruba na majanga mengine ya asili. Uchakavu wa kawaida, shika hilo neno uliandike kila mahali. Na kifungu cha 65 chamgeukia mwenye nyumba: kama umepangishwa sehemu tu ya jengo, mfano fleti au chumba kwenye ploti, basi paa, kuta kuu za nje, mitaro mikuu na sehemu za kutumia wote ni jukumu lake yeye kuzitunza.

Sasa fikiria huo uchakavu wa kawaida kwa mji wetu huu. Mtu wa bara akija hapa miezi mitatu ya kwanza hushangaa feni yake mpya imeshaingia kutu. Chumvi ya bahari yaingia kupitia luva, yakaa kwenye bawaba, kwenye grili, kwenye kitasa, kwenye misumari ya dari. Kusi ikianza na mvua za masika ukuta wa upande wa upepo walowa kutoka nje, plasta yavimba, rangi yabambuka, ukungu mweusi watokea kona ya juu, na mpangaji hajagusa kitu. Alafu maji. Ploti nyingi za Kisauni, Bamburi, Mshomoroni, Likoni zatumia maji ya kisima kwa sababu ya kaunti hayatoki kila siku, na maji ya kisima karibu na pwani yana chumvi yake, yakipita kwa mfereji mwaka mzima washa, zile raba za ndani, zaisha, mfereji waota ukoko mweupe, kichwa cha shawa chaziba, tangi la choo lavuja lenyewe. Huyo si wewe. Hio ni bahari, na mwenye nyumba alijua anajenga karibu na bahari, tena ndo sifa anayotangazia nyumba.

Kwahivyo kwangu rangi, mifereji, grili na bawaba, 13,500 zote hizo, zilikua ni kazi ya chumvi na miaka minne. Rangi haswa nataka uielewe vizuri maana ndo makato yanayopendwa kuliko yote, karibu kila mtu hukatwa rangi. Mwenye nyumba hupaka rangi kila mpangaji akitoka ili apate mwengine haraka, na hio ni gharama ya biashara yake. Wewe wapaswa kulipia rangi ikiwa ulipaka ukuta mwekundu bila ruhusa, watoto walichora na wino mpaka haiwezi kufutika, ulipigilia misumari ukaacha mashimo ya plasta, au mkataba wako unasema waziwazi utapaka ukihama na ukatia sahihi. (Hicho kipengele kipo kwenye mikataba mingi ya maajenti, usome KABLA ya kutia sahihi, ukikiona muombe akifute au aandike "isipokua uchakavu wa kawaida".) Na hata pale ulipochafua kweli, rangi ya miaka minne si rangi mpya. Tuseme yeye mwenyewe hupaka kila baada ya miaka mitano, na ile uliyoikuta imekaa minne, basi ulichomharibia ni mwaka mmoja uliobaki, sehemu moja ya tano, sio bei nzima ya ndoo mpya na fundi. Hesabu hii niliiandika kwenye barua yangu na ajenti hakua na jibu.

Upande wa pili nao lazima usemwe. Kuna vitu ni vyako kulipa na ukivikataa wajivunjia heshima na kesi yako inadhoofika. Kioo ulichovunja. Sinki uliloangusha sufuria likapasuka. Kitasa ulichobomoa siku umesahau funguo. Bili ya maji ya mwezi wa mwisho. Takataka ulizoacha. Mimi nilivunja luva mbili nikisogeza kabati, ajenti hata hakuziona, nikamwambia mwenyewe nitalipia 500 kwa zote mbili. Kuna rafiki aliniambia nimefanya ujinga. Mimi naona ndo kitu kilichofanya barua yangu iaminike, kwa sababu mtu anayekubali yake ni vigumu kumuita muongo.

Ushahidi ndo kila kitu na wakati mzuri wa kuukusanya ni siku unayoingia, kabla hujatoa hata godoro kwenye mkokoteni. Chukua simu piga video, anzia mlangoni, sema kwa sauti tarehe na namba ya nyumba, zunguka chumba kwa chumba, fungua kila mfereji, vuta maji chooni, washa kila swichi, fungua na ufunge kila dirisha, simama kwenye kila ufa na kila doa. Ukimaliza mtumie keateka (mwangalizi wa ploti) au ajenti hio video kwa WhatsApp siku hiohio na maneno "hii ndo hali niliyoikuta leo". Sababu ya kumtumia ni kwamba meseji ina tarehe, na pia akinyamaza huo ukimya wake una maana baadaye. Kila kitu kikiharibika ukiwa ndani, usiripoti kwa mdomo pale getini, andika meseji. "Bro mfereji wa jikoni unavuja tangu jana" yatosha. Mimi nilikua na meseji nne za namna hio za miaka tofauti kuhusu ile mifereji waliyonikata 2,500, na mbili kati ya hizo alijibu "fundi atakuja". Fundi hakuja.

Kama ulishaingia na hukupiga video, usikate tamaa, tafuta picha za zamani kwenye simu, ile ya birthday ya mtoto ukutani kwaonekana, ile selfi mlangoni grili yaonekana ina kutu tayari, picha ya tangazo la nyumba ambayo ajenti aliiposti. Majirani nao. Jirani wa mlango wa pili ambae grili yake imeoza vilevile kwa miaka ileile ni ushahidi mkubwa mno kwamba tatizo ni jengo na hewa wala sio wewe.

Risiti za dipoziti watu wengi hupoteza, lakini kama ulilipa kwa M-Pesa hio rekodi yaweza kupatikana tena. Piga *334# au tumia ile app yao uombe taarifa ya muda ule, inakuja kwa imeli kama PDF yenye nywila, uitoe na uizungushie ule mstari wa malipo. Angalia jina au namba iliyopokea kwa sababu hio itakusaidia kujua unamdai nani, nitarudi hapo. Ulilipa keshi bila risiti? Muandikie leo kirafiki kabla hamjakosana, "naomba unithibitishie dipoziti yangu ni 15,000 na maji 2,000 tangu nilipoingia", akijibu "ndio" umemaliza.

Notisi. Hapa wengi ndo huanguka. Kwa upangaji wa mwezi kwa mwezi notisi ni angalau mwezi mmoja, mkataba wako waweza kutaka zaidi, na ukitoka ghafla mwenye nyumba ana haki ya kukudai mwezi huo wa notisi na dipoziti yako yote itaishia hapo kihalali kabisa. Andika notisi kwa maandishi, taja tarehe utakayotoka, mtumie WhatsApp NA umpe karatasi, nakala moja mtu atie sahihi kwamba kapokea.

Na hii tabia ya "kula dipoziti", yaani usilipe mwezi wa mwisho ukimwambia akate kwa dipoziti. Nawaelewa wanaofanya, wamechoka kudhulumiwa, na wengine wameona mwenye nyumba hana nia ya kurudisha tangu mwanzo. Lakini bila makubaliano ya maandishi wewe ndo unakua umevunja mkataba, unahesabika una deni la kodi, na sheria ya kukamata mali kwa deni la kodi, Sura ya 293, yamruhusu mwenye nyumba kutuma dalali mwenye leseni akakamata friji yako. Ukitaka kwenda njia hio muombe kwanza, akikubali kwa meseji sawa, akikataa lipa kodi yako.

Siku ya kutoka fanya usafi wa kweli, sio kufagia tu, jiko usugue ukuta wa nyuma yake, choo, luva. (Mimi jiko nililifanya juujuu na lilinigharimu.) Piga video ileile kama ya kuingia. Piga picha mita ya maji na namba zake, na mita ya stima ikiwa ni ya tokeni piga ile skrini. Muite keateka mtembee pamoja, andika kwenye karatasi kila anachosema ni kibovu, kila mmoja atie sahihi, na kama hataki kutia sahihi andika hivyohivyo "keateka alikuepo akakataa kusaini" na tarehe. Alafu funguo. Rudisha funguo zote na upate meseji ya kuthibitisha, vinginevyo watakuambia ulishikilia nyumba wiki mbili zaidi na wakukate kodi ya hizo wiki.

Haya, makato yamekuja. Usipige simu. Narudia, usipige simu. Andika. Cha kwanza usibishane hata na mstari mmoja, omba tu mchanganuo: kila kitu kilichokatwa, picha yake, risiti ya duka na ya fundi yenye tarehe. Ajenti wangu alikua na "risiti" moja tu ya elfu nane iliyoandikwa kwa mkono kwenye kijikaratasi, haina jina la duka wala namba ya simu, na tarehe yake ilikua siku mbili KABLA sijatoka. Nilipomuonyesha hilo ndo nikajua nimeshamshika. Wakati unasubiri, nenda haduea (duka za vifaa vya ujenzi) mbili tatu uulize bei ya vitu hivyohivyo uandike. Mifereji mitatu waliyonikatia 2,500 mimi niliikuta kwa 350 mmoja, sina shida na faida ya fundi lakini hesabu yake haikuja.

Maji usiyakatae kienyeji. Chukua ile picha ya mita ya siku ya kutoka, toa namba ya bili ya mwisho uliyolipa, zidisha kwa bei mnayolipishana pale plotini. Yangu ilikuja 750, sio 1,800. Ikawa kwa hesabu yangu mimi natambua 750 ya maji na 500 ya luva, basi, nadai 15,750.

Ukishapata majibu yake, au siku saba zikapita bila majibu, toa barua ya madai. Haihitaji wakili wala Kiingereza kigumu. Yangu ilikua hivi, badilisha namba uweke zako:

"Kwa mwenye nyumba na ajenti wake. Nilikua mpangaji wenu nyumba namba fulani kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani. Nililipa dipoziti 15,000 na dipoziti ya maji 2,000, ushahidi wa M-Pesa umeambatanishwa. Nilitoa notisi ya mwezi mmoja, nikalipa kodi yote, na nikarudisha funguo tarehe fulani. Mmenikata jumla 16,800. Nakubali maji 750 kulingana na mita, picha ipo, na luva mbili 500. Napinga rangi, mifereji, grili na bawaba kwa sababu ni uchakavu wa kawaida wa miaka minne ambao mpangaji halazimiki kuutengeneza chini ya kifungu cha 66 cha Sheria ya Ardhi ya 2012, na ubovu wa mifereji niliuripoti kwenu kwa maandishi mara nne. Napinga usafi kwa sababu hamjatoa risiti. Naomba mnirudishie 15,750 ndani ya siku 14 kuanzia leo. Baada ya hapo nitapeleka madai yangu Mahakama ya Madai Madogo pamoja na gharama, bila kuwaarifu tena."

Ipeleke kwa WhatsApp, kwa imeli kama ipo, na moja ya mkono ofisini kwao wagonge muhuri kwenye nakala yako. Lugha iwe ya heshima, mzee wa watu muite Mzee, mama muite Mama, usimtukane na usimtishie kumpeleka KRA kwa kutolipa kodi ya mapato ya nyumba, vitisho vya aina hio vyakuonyesha unatafuta kumkomoa na wewe shida yako ni pesa yako tu. Pia usiposti picha yake na namba yake mitandaoni, utageuziwa kesi.

Swali ambalo hunikuta sana: nimdai nani, ajenti au mwenye nyumba? Wadai wote wawili. Ajenti atasema "mimi nilishampelekea mwenyewe", mwenyewe atasema "mimi sijui, ongea na ajenti", na mtarushwa kama mpira mpaka uchoke. Ukiwataja wote kwenye barua moja waanza kuulizana wao kwa wao. Mwenye nyumba ndo aliyekupangisha kupitia mtu wake, na ajenti ndo aliyepokea, ile taarifa ya M-Pesa yaonyesha. Na usihangaike sana kutafuta hatimiliki kujua mwenyewe ni nani, hasa ukiwa Majengo, Kisauni, Likoni, mitaa ya zamani, kwa sababu huku kwetu kuna nyumba bila ardhi, mwenye ardhi ni mtu mwengine na aliyejenga nyumba ni mwengine, ukifanya upekuzi ardhi utaletewa jina la mtu ambae hajawahi kuiona dipoziti yako. Mfuate uliyempa pesa na uliyekua ukimlipa kodi.

Kabla ya mahakama waweza kupitia kwa mzee wa mtaa au chifu. Chifu hana uwezo wa kuamuru mtu alipe dipoziti, lakini ploti nyingi mwenye nyumba ni mtu wa mtaa, ana heshima yake msikitini au kanisani, na kukaa mbele ya wazee na karatasi zako zimepangwa hufanya kazi kuliko unavyodhani. Mkikubaliana mwandike pale pale, kiasi na tarehe ya kulipa. Ukiona sheria zakuchanganya na huna pesa ya wakili, Kituo Cha Sheria wana ofisi hapa Mombasa na kazi yao ni kuwasaidia wasiojiweza.

Kuhusu mabaraza, usipotee njia. Ile traibunali ya kodi za nyumba za kuishi ipo chini ya Sura ya 296 na sheria yenyewe yahusu nyumba ambazo kodi yake ya kisheria haizidi 2,500 kwa mwezi, nyumba ambazo leo wazitafuta kwa tochi. Ile nyengine ya Sura ya 301 ni ya maduka, hoteli na sehemu za kuuza chakula, kama umepanga duka Kongowea hio yaweza kukuhusu, nyumba ya kulala hapana. Kwa sisi wengi njia ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa na sheria ya 2016, na Mombasa ipo. Inasikiliza madai yasiozidi shilingi milioni moja. Moja ya kesi inazopokea ni pesa zako ambazo mtu mwengine amezishika, kwahivyo unapojaza fomu eleza dai lako hivyohivyo: pesa niliyompa ashike, muda umeisha, hajarudisha. Usiingie kuandika hadithi ya ugomvi wa ploti na jinsi keateka alivyokua anakufungia geti saa nne usiku, unadai pesa, baki kwa pesa.

Sheria yasema kesi isikilizwe siku baada ya siku na imalizike ndani ya siku 60. Waweza kusimama mwenyewe bila wakili. Masharti magumu ya ushahidi hayatumiki pale, hakimu anataka kuelewa kilichotokea. Kufungua ni kupitia mfumo wa mahakama wa mtandaoni, efiling.court.go.ke, na kama mtandao wakushinda nenda masjala uulize, au mtu wa cyber akusaidie kupandisha karatasi ila fomu ijaze mwenyewe, usimuachie yeye akuandikie hadithi. Nyumba ikiwa ni Mtwapa kumbuka ile ni kaunti ya Kilifi, uliza masjala kwanza ufungue wapi kabla hujalipa ada. Una muda pia, madai ya mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6, kwahivyo wewe uliyedhulumiwa juzijuzi tu au hata mwaka wa juzi bado hujachelewa, ila usikae, simu hupotea na majirani huhama.

Skrinshoti za WhatsApp na picha zichapishe, zipange kwa tarehe, na uambatanishe karatasi fupi ya kuthibitisha ni simu gani ilizipiga, ni yako, ilikua inafanya kazi vizuri, na wewe ndo uliyezitoa kwenye printa. Sheria ya Ushahidi kifungu cha 106B chazungumzia hati kama hio kwa ushahidi wa kielektroniki, na hata pale wasipoidai, huna hasara kua nayo. Juu kabisa ya faili weka ukurasa mmoja: ulilipa ngapi, wamekata nini, wakubali nini, wapinga nini na kwanini, wadai ngapi. Ukurasa mmoja tu. Ukishinda na bado hataki kulipa, amri ya mahakama ndo inakupa nguvu ya kuomba ikazwe, yaani itekelezwe kwa lazima, na hapo sasa dalali aweza kutumwa kwake yeye.

Kwangu haikufika huko. Siku ya kumi na mbili baada ya barua ajenti alinipigia, sauti imebadilika, "ndugu yangu tuyamalize". Nikamwambia tuyamalize kwa meseji. Akaandika atarudisha zote isipokua 1,500 ya usafi kwa sababu jiko alilikuta na mafuta, akatuma picha, na kweli lilikua na mafuta. Nikakubali. Alitaka pia nisaini karatasi ya kwamba "sina madai yoyote tena" KABLA hajatuma pesa, nikamwambia pesa ikiingia ndo nitasaini.

Hapo pa mwisho pana mtego zaidi ya mmoja. Wengine hutuma nusu, elfu saba hivi, na maneno "hio ndo final", wakijua ukinyamaza watasema ulikubali. Usiirudishe hio pesa, ni yako. Jibu dakika hiohio: "Nimepokea 7,000 kama sehemu ya dai langu la 15,750. Salio ni 8,750 na tarehe ya mwisho ni ileile." Alafu piga skrinshoti ya jibu lako, uiweke kwenye faili pamoja na nyengine.